Bakteria Wameota, Plastiki Haipo: Mwongozo Kamili wa Kupata PHB kutoka kwa Bakteria wa Udongo

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi na mafundi wa maabara yana sura moja. Udongo umechukuliwa, bakteria wamepandwa, na baada ya siku mbili supu kwenye flaski imekuwa nzito kama maji ya mchele. Klorofomu inamwagwa, inaachwa ikauke, na chini ya sahani unabaki utando wa manjano unaonata kidoleni. Huo utando ni mafuta ya seli. Plastiki haimo.

Wengine wamerudia kazi hii mara tatu au nne na sasa wanadhani bakteria wao ni wabovu. Mara nyingi bakteria ni wazima kabisa. Kilichokosewa ni chakula walicholishwa na saa waliyovunwa.

Plastiki tunayoitafuta ni PHB, yaani polihidroksibutireti. Bakteria huitengeneza na kuiweka ndani ya mwili wake kama akiba, kama kondoo anavyotunza mafuta mkiani kungoja kiangazi. Ukiitoa unapata kitu cheupe kinachoyeyuka kwa joto, kinachoweza kumwagwa kuwa karatasi nyembamba, na ambacho vijidudu vya udongo hukila chote kikizikwa.

Hatua 1 hadi 6 zinaweza kufanyika katika maabara ya kawaida ya shule au chuo. Hatua 8 na 9 zinatumia klorofomu. Usizifanye nyumbani, wala mahali pasipo na kabati la kufyonza mvuke.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa udongo

Chakula cha kutengenezea plastiki, kwa lita moja ya maji yaliyochujwa kwa mvuke:

- Glukosi, gramu 20
- Salfeti ya amonia, (NH4)2SO4, gramu 1
- Fosfeti ya potasiamu, KH2PO4, gramu 1.5
- Fosfeti ya sodiamu, Na2HPO4 yenye molekuli 12 za maji, gramu 9
- Salfeti ya magnesiamu, MgSO4 yenye molekuli 7 za maji, gramu 0.2
- Maji ya madini madogo, mililita 1

Maji ya madini madogo hutengenezwa mara moja na kutunzwa kwenye jokofu. Kwa lita moja weka asidi ya haidrokloriki ya asilimia 35 mililita 10, salfeti ya chuma (FeSO4·7H2O) gramu 10, salfeti ya zinki (ZnSO4·7H2O) gramu 2.25, kloridi ya kalsiamu (CaCl2·2H2O) gramu 2, salfeti ya shaba (CuSO4·5H2O) gramu 1 na salfeti ya manganizi gramu 0.5.

Soma lebo ya kopo la fosfeti ya sodiamu kabla ya kupima. Kuna aina kavu isiyo na maji na kuna yenye molekuli 2 au 12 za maji, na zote ni unga mweupe unaofanana. Gramu 9 za yenye maji 12 ni sawa na gramu 3.6 tu za kavu, au gramu 4.5 za yenye maji 2. Ukipima gramu 9 za kavu, pH inapanda, madini yanaganda chini ya flaski, na utaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Vya kupaka rangi ni Sudan Black B, ethanoli, zailini, safranini, na hadubini yenye lenzi ya mafuta ya mara 100.

Vya kutolea plastiki ni haipokloriti ya sodiamu ya asilimia 4, klorofomu, ethanoli iliyopoa kwenye jokofu, sentrifuji, na vyombo vya kioo. Klorofomu huyeyusha polistairini, ile plastiki ngumu inayong'aa ya sahani nyingi za petri, kwa hiyo sahani ya kumwagia iwe ya kioo.

Mbali na hayo utahitaji agari, mayai mawili, manitoli, supu ya kawaida ya virutubisho inayouzwa ikiwa unga, otoklevu au sufuria ya presha, na mashine ya kutikisa flaski.

## Vimeng'enya vitatu na mlango mmoja

Ukilielewa hili, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana, na utaweza kurekebisha kosa bila kuniuliza.

Bakteria anapokula sukari huivunja mpaka kuwa kipande kidogo kiitwacho asetili-CoA (CoA ni kibebeo kinachokishika). Kipande hicho kina njia mbili. Njia ya kwanza ni kuingia kwenye mzunguko wa nguvu na wa kujenga mwili, bakteria akue na kugawanyika. Njia ya pili ni ya vimeng'enya vitatu vinavyopokezana.

Cha kwanza, PhaA, huunganisha vipande viwili vya asetili-CoA. Cha pili, PhaB, hukiongezea kiunganisho hicho haidrojeni kutoka NADPH, mbebaji wa haidrojeni ndani ya seli. Cha tatu, PhaC, ndicho mfumaji wa plastiki: huchukua kipande baada ya kipande, hukiunga kwenye mnyororo unaorefuka, na kila mara huiachia CoA iende zake. Mnyororo hauyeyuki kwenye maji, hivyo hujikunja kuwa punje nyeupe ndani ya seli. Kwa Bacillus, kundi la bakteria wa udongo tutakaowatafuta, PhaC hafanyi kazi peke yake. Hushirikiana na protini iitwayo PhaR.

Mlango uko kwa PhaA. Kimeng'enya hiki huzuiwa na CoA iliyo huru. Bakteria akiwa na sukari na naitrojeni kwa pamoja anakua kwa kasi, asetili-CoA inamalizwa na mzunguko, CoA huru inajaa, na PhaA anafungwa. Naitrojeni ikiisha, bakteria hawezi tena kujenga protini. Mzunguko unapungua kasi, asetili-CoA inarundikana, CoA huru inashuka, na PhaA anafunguka.

Kwa hiyo bakteria lazima awe ameshiba sukari huku ana njaa ya naitrojeni. Supu ya virutubisho ina peptoni, yaani protini iliyovunjwavunjwa, na peptoni imejaa naitrojeni. Anayekuza ndani ya supu hiyo na kuongeza sukari kidogo amefunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo wengi mnapokwama.

Kuna kimeng'enya kimoja zaidi cha kukumbuka, PhaZ. Kazi yake ni kuvunja akiba pale njaa ya sukari inapoingia, au bakteria anapojiandaa kuwa spora, umbo gumu lililolala linalovumilia njaa na joto. Ukichelewa kuvuna, PhaZ anakuwa amekula plastiki yako.

## Hatua ya 1: Chukua udongo na uchague kwa moto

Chukua udongo wa sentimita 5 hadi 10 chini ya uso, mahali penye mabaki mengi ya mimea: rundo la mboji, shamba la miwa, chini ya migomba. Mabaki hayo yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na bakteria wenye tabia ya kuweka akiba wanapapenda.

Changanya gramu 1 ya udongo na mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85 yaliyotakaswa. Tikisa dakika chache, acha mchanga utulie, kisha weka maji ya juu kwenye maji moto ya nyuzi 80 kwa dakika 10.

Moto huo huua seli za kawaida na kuacha spora. Tunawatafuta jamaa wa Bacillus, hasa Bacillus megaterium, ambaye vitabu vipya vinamwita Priestia megaterium. Ni mkubwa, anaonekana vizuri chini ya hadubini, anakula glukosi na hata sukari ya mezani, na hahitaji vitamini.

Pima joto ndani ya mrija wenyewe. Ukipima la maji ya nje, dakika 10 zinaweza kwisha kabla udongo haujafika nyuzi 80.

## Hatua ya 2: Panda, kisha mtoe yule hatari

Punguza maji yako mara 10, mara 100 na mara 1,000. Panda mililita 0.1 ya kila moja kwenye sahani zenye chakula kilichoorodheshwa juu pamoja na gramu 15 za agari kwa lita. Ziache kwenye nyuzi 30 kwa saa 24 hadi 48.

Chagua makoloni 10 hadi 20 yaliyojitenga, yenye sura tofauti, na uyasafishe kwa kuyachora upya kwenye sahani mpya mara mbili.

Onyo. Moto wa nyuzi 80 haumuui Bacillus cereus, kwa kuwa naye ana spora. Naye pia hutengeneza PHB, na ni bakteria anayesababisha kutapika na kuharisha kwa sumu ya chakula. Wanafunzi wengi wamemkuza kwa lita bila kujua.

Mtambue hivi. Chora kila koloni kwenye agari yenye kiini cha yai, na kwenye agari yenye manitoli na rangi ya kuonyesha asidi. Bacillus cereus huacha ukungu mweupe kwenye agari ya yai na hatengenezi asidi kutoka kwa manitoli. Bacillus megaterium kwa kawaida ni kinyume chake: yai linabaki safi, manitoli inageuka asidi. Koloni lolote lenye ukungu kwenye yai liingie otoklevu, hata likiwa na plastiki nzuri kiasi gani.

## Hatua ya 3: Tafuta punje kwa rangi

Kabla ya kupaka rangi sahani yoyote, nakili kila koloni kwenye sahani nyingine yenye namba zilezile. Rangi huyeyushwa katika ethanoli, na ethanoli huua makoloni. Nimemwona mtu akilia mbele ya sahani yenye koloni moja jeusi zuri ajabu ambalo halikuota tena popote.

Mwaga Sudan Black B ya asilimia 0.02 katika ethanoli ya asilimia 96 mpaka ifunike makoloni, subiri dakika 30, kisha mwaga na usuuze taratibu kwa ethanoli safi. Makoloni yanayobaki bluu iliyokolea hadi nyeusi ndiyo ya kuendelea nayo. Yaliyorudi kuwa meupe achana nayo.

Sasa hakikisha kwa hadubini. Tandaza seli kwenye kioo, kausha, pitisha juu ya moto mara mbili tatu. Funika kwa Sudan Black B ya asilimia 0.3 katika ethanoli ya asilimia 70, iliyochujwa siku hiyohiyo, kwa dakika 10. Futa ziada, dondoshea zailini mpaka matone yatoke bila rangi, kausha, kisha weka safranini ya asilimia 0.5 kwa sekunde 10 na usuuze kwa maji.

Kikifaulu utaona seli za pinki zenye punje nyeusi za mviringo ndani yake, mara nyingi kadhaa kwa seli moja. Punje nyeusi zilizotawanyika nje ya seli ni rangi isiyochujwa vizuri.

Weka pembeni kioo cha E. coli wa maabara asiye na madhara, aliyepakwa kwa njia ileile. Huyo hana punje za PHB. Naye akionekana na weusi mwingi, zailini haijafanya kazi na huwezi kuamini kioo chako.

Sudan Black hupaka mafuta yote, si PHB peke yake. Ukiwa na hadubini ya mwanga wa kung'aa (fluorescence), tumia Nile Blue A ya asilimia 1 kwenye nyuzi 55 kwa dakika 10, kisha suuza kwa maji na kwa asidi asetiki ya asilimia 8 kwa dakika moja. Punje za PHB zitang'aa rangi ya chungwa. Usipokuwa nayo endelea tu. Hatua ya 8 itatenganisha mafuta na plastiki.

## Hatua ya 4: Andaa mbegu, na uioshe

Panda koloni moja kwenye mililita 20 za supu ya virutubisho, tikisa usiku kucha kwenye nyuzi 30. Hapa naitrojeni ni rafiki, tunataka seli nyingi na zenye nguvu.

Asubuhi zungusha kwenye sentrifuji, mwaga supu, koroga seli kwenye maji ya chumvi yaliyotakaswa, zungusha tena, mwaga tena. Mwisho wake ziweke kwenye maji ya chumvi kwa ujazo uleule wa mwanzo.

Kuosha huku kunaonekana ni usumbufu, na ndiyo maana kunarukwa. Asiyeosha anahamisha peptoni kwenye chakula cha njaa, na hesabu nzima ya hatua inayofuata inaharibika.

## Hatua ya 5: Chakula cha njaa

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa.

Angalia hesabu. Gramu 1 ya salfeti ya amonia ina naitrojeni gramu 0.21. Mwili mkavu wa bakteria, ukiondoa plastiki, una naitrojeni ya takribani asilimia 12. Kwa hiyo gramu hiyo moja inatosha kujenga mwili wa gramu 1.8 hivi kwa lita, kisha inaisha. Upande wa pili, gramu 20 za glukosi zina kaboni gramu 8. Kwa kila gramu 1 ya naitrojeni kuna gramu 38 hivi za kaboni. Mwili wa bakteria unahitaji kaboni kidogo mno kuliko hiyo, na inayobaki inatafuta pa kwenda.

Ukiweka gramu 5 za salfeti ya amonia kwa kudhani unawasaidia, uwiano unashuka hadi kaboni 7.5 kwa naitrojeni 1. Flaski itachafuka vizuri, utafurahi, na hutapata kitu. Ukiweka gramu 0.2, seli zitakuwa chache mno na plastiki haitatosha hata kupimwa. Gramu 1 ni mahali pazuri pa kuanzia. Baada ya kufaulu mara moja, jaribu gramu 0.7 na 1.5 upate inayomfaa bakteria wako.

Kutakasa chakula kuna utaratibu wake:

1. Yeyusha fosfeti mbili na salfeti ya amonia kwenye maji mililita 940 hivi, rekebisha pH iwe 7.0 hadi 7.2, kisha takasa kwa nyuzi 121 dakika 15.
2. Takasa glukosi peke yake, gramu 20 ndani ya mililita 50. Ikipikwa pamoja na amonia na fosfeti hubadilika kuwa kahawia, na vitu vinavyotokea huko huwasumbua bakteria.
3. Takasa salfeti ya magnesiamu peke yake. Ikipikwa na fosfeti huganda kuwa unga mweupe, na bakteria hawaupati.
4. Vyote vikipoa, changanya kwa usafi, na mwishoni ongeza maji ya madini madogo.

Chakula kilichofaulu ni safi kama maji ya kunywa. Kikiwa cha kahawia au na vumbi jeupe chini, kimwage uanze upya.

Weka mililita 50 tu kwenye flaski ya mililita 250. Najua inauma kuona nafasi tupu, lakini hewa inaingia kupitia uso wa maji, na flaski iliyojazwa hadi nusu itawakosesha oksijeni kabla hawajakua. Andaa flaski 4, zipande kwa mbegu iliyooshwa, mililita 2.5 kila moja, na utikise mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika kwenye nyuzi 30.

## Hatua ya 6: Jua saa ya kuvuna

Usiweke saa 48 au 72 kwa sababu umeziona kwenye ripoti ya mtu mwingine. Bakteria wako ana ratiba yake.

Kuanzia saa ya 12, chukua mililita 1 kila baada ya saa 6. Pima uchafukaji wa supu kwa mwanga wa nanomita 600, pima pH, tengeneza kioo cha Sudan Black. Ukiweza, pima amonia kwa vipimo vya matone vinavyotumiwa na wafugaji wa samaki. Mwanzoni flaski ina zaidi ya miligramu 250 za amonia kwa lita, kwa hiyo punguza sampuli mara 100 kabla ya kupima.

Usitegemee kipimo cha mwanga peke yake. Punje za plastiki hutawanya mwanga na kuvimbisha seli, hivyo namba huendelea kupanda hata baada ya seli kuacha kugawanyika. Cha kutazama ni mfuatano huu: amonia inakaribia sifuri, na saa chache baadaye punje zinaanza kuongezeka na kunenepa.

Vuna punje zinapokuwa zimejaa na kabla spora hazijaanza kuonekana. Spora kwenye kioo ni duara la yai lisiloshika rangi, linalong'aa ndani ya seli. Ukiona seli moja katika kumi ina spora, vuna saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Bacillus hutumia PHB yake kugharamia utengenezaji wa spora, na ndani ya saa chache punje huanza kupungua.

pH ikishuka chini ya 6, irejeshe kwenye 7 kwa matone ya haidroksidi ya sodiamu iliyotakaswa. Kamwe usirekebishe kwa amonia, maana hiyo ni naitrojeni unayoirudisha mezani.

## Hatua ya 7: Vuna haraka, kausha, pima

Ukiamua kuvuna, tumbukiza flaski kwenye barafu. PhaZ anaendelea kufanya kazi wakati wewe unasubiri zamu ya sentrifuji, na baridi humpunguza kasi.

Zungusha kwa nguvu ya 5,000 hadi 8,000 g kwa dakika 15, osha mashapo mara moja kwa maji baridi, zungusha tena. Kausha kwenye nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike kati ya vipimo viwili. Andika uzito huo. Bila huo hutaweza kusema asilimia ya plastiki, na mwalimu wako atakuuliza hicho kwanza.

Tuseme umepata gramu 3 kwa lita. Flaski nne za mililita 50 zitakupa gramu 0.6 za seli kavu.

## Hatua ya 8: Pasua seli, toa plastiki

Saga seli kavu, ziweke kwenye haipokloriti ya asilimia 4, mililita 25 kwa kila gramu 1, kwenye nyuzi 37 kwa saa moja. Haipokloriti hula protini na ukuta wa seli, na Bacillus ana ukuta mnene. Usizidishe muda wala joto. Haipokloriti ikikaa sana hukatakata minyororo ya PHB yenyewe, na baadaye filamu itavunjika kama biskuti.

Zungusha kwa 8,000 g dakika 15, mwaga maji ya juu, osha kwa maji yaliyochujwa mara tatu kamili, mpaka harufu ya klorini iishe.

Onyo ambalo nawaomba mlisome mara mbili. Haipokloriti ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na asetoni au pombe hutoa joto na klorofomu. Na klorofomu ikichanganyika na asetoni mahali penye alikali inaweza kulipuka. Miongozo mingi inasema osha kwa asetoni mara baada ya haipokloriti. Mimi siiweki asetoni mezani kabisa katika kazi hii. Maji mara tatu, kisha ethanoli baridi mara moja, yanatosha.

Kausha unga uliobaki. Ndani ya kabati la kufyonza mvuke, uweke kwenye flaski ya kioo yenye kipozeo juu, ongeza klorofomu mililita 50 kwa kila gramu ya seli ulizoanza nazo, pasha kwa maji ya nyuzi 55 kwa saa moja ukikoroga. Klorofomu huchemka kwenye nyuzi 61, kwa hiyo angalia kipimajoto. Pasiwe na moto wala hita nyekundu karibu: mvuke wa klorofomu ukigusa joto kali hutoa fosjini, gesi ya sumu inayoharibu mapafu. Glavu za kawaida za maabara hupenywa na klorofomu haraka, zikidondokewa zivue na uvae nyingine.

Chuja kwa karatasi kavu. Acha klorofomu ipungue mpaka theluthi moja, kisha imimine taratibu ndani ya ethanoli baridi ya ujazo mara kumi, huku ukikoroga.

Hapa ndipo jibu linapotokea. PHB haiyeyuki kwenye ethanoli, hivyo huganda papo hapo kuwa nyuzi au mabonge meupe. Mafuta huyeyuka na kubaki kwenye maji ya juu. Waliokuwa wanapata utando wa manjano waliruka kipengele hiki, wakakausha mafuta na kudhani ndiyo plastiki. Kama hakuna cheupe kilichotokea, hukuwa na plastiki ya kutosha, na kosa litafute hatua ya 4, 5 au 6.

Chuja, kausha, pima. Ukipata gramu 0.24 kutoka kwenye seli gramu 0.6, hiyo ni asilimia 40, na kwa Bacillus wa udongo kwenye flaski ni kazi nzuri ya kujivunia.

Mabaki ya klorofomu yana chupa yake yenye lebo. Hayaendi kwenye sinki.

## Hatua ya 9: Mwaga filamu na uthibitishe

Yeyusha PHB tena kwenye klorofomu, gramu 0.24 kwa mililita 15, mimina kwenye sahani ya kioo ya sentimita 9 iliyo sawasawa, funika kwa karatasi ya kuchujia, acha ikauke yenyewe usiku kucha kabatini. Ukiharakisha kwa joto filamu inatoboka matundu. Utapata filamu ya unene wa mikroni 30 hivi, nyeupe, isiyopitisha mwanga vizuri, ngumu kiasi.

Vipimo vitatu vitakuambia kama ni yenyewe:

- Maji. Weka kipande majini na ukiondoe mapovu. PHB ina uzito wa gramu 1.25 kwa sentimita ya ujazo, hivyo huzama. Mifuko ya polithini huelea.
- Joto. Kwenye bamba la moto ndani ya kabati, huyeyuka karibu na nyuzi 175. Mafuta yangeyeyuka mapema sana.
- Asidi. Pasha chembe ndogo, kavu kabisa, katika asidi ya salfuriki kali kwa nyuzi 100 dakika 10, ipoe, kisha pima mwanga kwa nanomita 235 ukitumia kikombe cha kwatzi. PHB hugeuka asidi krotoniki, ambayo ina kilele hapo.

Usishangae filamu ikizidi kuwa kavu na yenye kuvunjika baada ya siku kadhaa. Minyororo ya PHB huendelea kujipanga kuwa fuwele hata ikiwa imekaa mezani.

## Kwa wanaotaka kubadilisha bakteria au sukari

Aliyepata Cupriavidus necator H16, bakteria maarufu kuliko wote katika kazi hii, ajue jambo moja: H16 wa asili hali glukosi wala sukari ya mezani. Mpe fruktosi. Nimeandikiwa na watu watatu waliomlisha glukosi wiki nzima wakingoja. Akilishwa vizuri na kuangaliwa kwenye tangi, anaweza kujaza zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake mkavu kwa PHB, na ukuta wake mwembamba hufanya hatua ya 8 kuwa nyepesi.

Walio karibu na viwanda vya sukari, iwe Moshi, Kilombero au magharibi mwa Kenya, wanaulizia molasi. Inafaa kwa Bacillus megaterium, kwani karibu nusu yake ni sukari na bei yake haiumizi. Lakini ina naitrojeni na madini yake yenyewe, kila shehena na kiasi chake. Anza bila salfeti ya amonia kabisa, kisha ongeza kidogo kidogo. Na ufanye hivyo baada ya kufaulu kwa glukosi, ili ujue kosa likitokea limetoka wapi.

## Hatua ya 10: Izike

Kata filamu vipande sita vya sentimita 2 kwa 2, kila kimoja kikiwa kimepimwa uzito. Vitatu vizike kwenye mboji yenye unyevu, vitatu kwenye mboji hiyohiyo iliyotakaswa kwa otoklevu. Weka kando kipande cha mfuko wa kawaida kwa kulinganisha. Kila wiki fukua, suuza taratibu, kausha, pima, rudisha.

Kwenye mboji hai utaona kwanza uso unapoteza mng'ao, kisha madoa na vishimo vidogo, kisha kingo zinaanza kuliwa. Kwenye mboji iliyotakaswa vipande vitabaki karibu kama vilivyoingia, mradi umeifunika vijidudu visirudi. Vimeng'enya vinavyokula filamu yako vimetolewa nje na bakteria na kuvu wa mboji, na kati yao wamo ndugu wa yule uliyemchukua udongoni katika hatua ya 1.